Maneno Tuliyomvisha Mwidani

Abu Dhabi,
12 Machi 1987

Kwa dada yangu Mwanatabu,

Asalaam aleikum. Natumai wewe na wanao mu wazima. Mimi huku sijambo, ila joto la mwaka huu limeanza mapema.

Nimepata barua ya binamu yetu Aqil, na nimeona haya kuwa habari za nyumbani kwetu nazipata kwa mwenye duka kabla hazijatoka kwako. Anasema yule muuza maji, Garama, mkokoteni umemponyoka kwenye mteremko wa kivukoni ukampita Mwidani mguuni, na vidole viwili vimevunjika. Anasema pia kuwa ndugu yetu siku hizi hushinda barabarani akisukuma mitungi ya watu, kifua wazi, kama mtu asiye na kwao.

Mama hajatimiza mwaka kaburini, Mwanatabu. Mwidani ana miaka thelathini, lakini mimi nawe tunajua akili yake haikupita ya mtoto mdogo. Hajui kuhesabu, hajui kusoma, na akiachwa njia panda hajui arudi wapi. Mama alinishika mkono akaniambia, "Rashid, Mwidani asihangaike." Maneno hayo nalala nayo, naamka nayo.

Nimeulizauliza. Kisauni kuna makao ya watu kama yeye. Wana vitanda, wana ukuta, daktari huja kila wiki na msikiti hauko mbali. Nitalipa mimi, wewe hutatoa kitu. Mguu ukipona, Aqil atakuja kumchukua kwa gari.

Wala usiseme hakuulizwa. Nilipokuja kwenye arobaini ya mama nilimwambia mwenyewe, "Nitakutafutia mahali pazuri," akanijibu, "Haya." Kwa hivyo hilo limekwisha.

Ndugu yako,
Rashid Faki


Mtongwe,
2 Aprili 1987

Kaka Rashid, shikamoo.

Laiti Aqil angekuwa mwepesi wa kupima sukari kama alivyo mwepesi wa kupima watu, dukani kwake tungepanga foleni. Kidole kilichovunjika ni kimoja, tena kile kidogo, na kimeshapona. Mkokoteni haukumponyoka Garama. Aliyeushika ni Mwidani, akauachia kwa sababu mbuzi alipita mbele. Garama alimbeba mgongoni mpaka zahanati, akakaa naye hapo mpaka alasiri, mitungi yake imeachwa njiani anayetaka achukue. Aqil alikuwa amesimama mlangoni kwake, akitazama vizuri ili aje akuandikie.

Sasa nikueleze siku ya Mwidani ilivyo, maana umeondoka miaka kumi na moja na unayemkumbuka ni mwingine. Asubuhi Garama hubisha hodi. Mwidani huwa ameshavaa, shati limepinduka mara nyingine lakini limevaliwa. Hujaza mitungi bombani, wakasukuma. Wasema hajui kuhesabu. Kweli, hajui. Lakini anajua Bi Sheikha huchukua miwili, Ijumaa mitatu, na anajua mlango wa nyuma wa kwa Hamoud haufunguki mpaka uusukume kwa goti. Adhuhuri wanakula pamoja. Jioni Garama humrudisha, akamtazama akioga, akenda zake. Ama habari ya njia panda, Mwidani hajapotea hata siku moja. Aliyepotea Kisauni ni wewe, siku ya harusi ya Alawiya, tukala pilau baridi tukikungoja.

Nikuambie habari ya hiyo "haya" yake. Mama alitufunza sote kuwa mkubwa akisema, jibu ni haya. Mimi na wewe tulikua tukaiacha. Mwidani hakuiacha. Ukimwambia aruke kisimani atakwambia haya. Akikataa jambo hasemi, huukunja mkeka wake akauegemeza ukutani, kisha akaketi sakafuni. Nilipotaka kumhamishia chumba cha mbele, alikaa sakafuni siku tatu. Nikamwacha kwenye chumba cha mama cha uani, na mkeka ukatandikwa tena.

Kuna mwalimu hapa Likoni, Nyamvula, anayefundisha darasa la watoto kama Mwidani. Jumamosi hukusanya wazazi pamoja na watu hao wenyewe, wakubwa kwa wadogo, na sharti lake ni kuwa mwenyewe ndiye husema kwanza, sisi wenye maneno mengi tunyamaze. Siku ya kwanza nilidhani ni mzaha. Alituambia tunawapanga watu kama vyombo kabatini, kisha tunashangaa hawatushukuru. Ninakuletea rai yake, na sasa ni yangu: hiyo ada unayotaka kuwapa watu wa Kisauni, mpe Mwidani. Naye amlipe Garama, kwa mkono wake, ili amtazame asubuhi na jioni. Alale kwa mama, afanye kazi anayoipenda na mtu aliyemchagua mwenyewe. Hakuna aliyemtafutia Garama. Alimfuata tu siku moja, na mpaka leo anamfuata.

Mimi sijachoka naye, usije ukadhani ni hilo. Cherehani yangu iko dirishani, yeye akipita namwona.

Wanao wanakuamkia.

Mwanatabu


Abu Dhabi,
25 Aprili 1987

Mwanatabu,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Umeandika vizuri, kama kawaida yako. Tangu shuleni ulikuwa ukiniandikia insha zangu.

Lakini fikiri. Garama ni nani kwetu? Ni mtu wa maji. Leo yuko Mtongwe, kesho yuko Malindi. Tumpe ndugu yetu, tumpe na fedha, kisha mji mzima useme watoto wa Mzee Faki wamemkodishia mgeni damu yao? Na kumpa Mwidani fedha mkononi, huyo mwalimu wenu ana watoto wangapi wa kwake mwenyewe?

Waniambia amechagua. Mwanatabu, mimi ni mkubwa wake kwa miaka kumi na miwili. Nimembeba mgongoni. Maisha yake yote sijapata kumsikia akisema hataki. Kama ana neno, basi na aniambie mwenyewe, nami wallahi nitamsikiliza. Ila nijue ni lake.

Rashid


Mtongwe,
15 Mei 1987

Kwa kaka yangu mpenzi, taa ya nyumba yetu, Bwana Rashid bin Faki,

Baada ya salamu nyingi zisizo na idadi, mimi mdogo wako na mtiifu wako Mwidani nakuarifu kuwa mimi ni mzima na mguu umepona kwa rehema zake Mola. Nathamini sana huruma yako na jinsi unavyonijali nawe uko mbali ukihangaika kwa ajili yetu.

Kaka yangu, nakuomba kwa unyenyekevu na taadhima, endapo itakupendeza, uniruhusu nibakie katika nyumba ya marehemu mama, kwani hapo ndipo kitulizo cha moyo wangu. Bwana Garama amekuwa mwema kwangu na nimemzoea. Sina nia ya kupinga kauli yako, bali nakusihi ulitazame ombi langu kwa jicho la ukubwa wako. Ukiamua vinginevyo, mimi ni mtoto wako.

Mdogo wako akupendaye,
Mwidani Faki
(alama ya kidole chake)


Abu Dhabi,
6 Juni 1987

Mwanatabu,

Nilikuomba neno la Mwidani, ukaniletea insha. "Kitulizo cha moyo wangu." Mwidani, ambaye akitaka maji husema "maji". Hata kunidanganya hukujitahidi. Mwandiko wako naujua, na maneno yako nayajua zaidi. Ulichokifanya ni kuchukua kidole cha mtu asiyejua kusoma ukakigandamiza chini ya maneno yako mwenyewe. Kama huo ndio uhuru anaoufundisha mwalimu wenu, basi ni afadhali ukuta wa Kisauni.

Nilikuwa nimeapa nitamsikiliza. Nimesikiliza, nimekusikia wewe.

Aqil atakuja tarehe kumi Julai. Mtayarishie nguo zake.

Rashid


Mtongwe,
20 Julai 1987

Kaka Rashid,

Mwidani amekwenda. Aqil alikuja asubuhi, wakavuka feri kabla ya jua kali. Hakulia wala hakupiga kelele. Nimempa shuka mbili, kanzu ya Idi na kikombe chake cha bati.

Garama alisimama kule bombani. Hakuja nyumbani.

Ulivyotaka ndivyo ilivyokuwa. Nami sina zaidi.

Mwanatabu


Abu Dhabi,
9 Januari 1988

Kwa dada yangu,

Natumai hasira imetulia. Nimepata taarifa ya makao. Wanasema Mwidani ametulia, anakula kwa wakati, hana usumbufu, na kwamba ni mfano kwa wenzake. Nilimwonyesha rafiki yangu hapa kazini hiyo taarifa, nikajisikia vizuri.

Aqil naye aliniandikia kuwa asubuhi ile, hata gari halijafika, Mwidani alikuwa ameukunja mkeka wake mwenyewe, yu tayari kwa safari. Unaona? Tulikuwa tukimhofia bure.

Nimekutumia vitambaa viwili vya baibui. Kimoja mpe Bi Sheikha.

Rashid


Mtongwe,
18 Februari 1990

Kaka Rashid, shikamoo.

Miaka miwili nimekuwa nikikuandikia habari za harusi na misiba, na nimefanya hivyo makusudi ili nisikuandikie hii. Keti uisome mpaka mwisho.

Nimetoka kumwona Mwidani. Miezi ya mwanzo nilikuwa nikienda kila wiki mbili, kisha kila mwezi, kisha kwenye sikukuu. Hilo nalo ni katika ninayotaka kukuambia. Safari hii nilikwenda na Mwalimu Nyamvula. Si watu wabaya pale, kaka, nisiwasingizie. Pasafi, hawapigi mtu, chakula ni cha kutosha. Lakini wote wanakaa wakati mmoja, wanainuka wakati mmoja, wananyolewa siku moja. Nilimkuta Mwidani ameketi kwenye benchi baina ya wenzake, mikono magotini. Nikamwekea chungwa mbele yake. Hakuligusa. Nikamwambia, "Kula, Mwidani." Akalimenya akala. Baadaye akamtazama mlinzi, akamwambia, "Naomba kwenda kunywa maji." Mtu aliyekuwa akiwapa maji watu wa mji mzima.

Mwalimu akamwuliza, "Mwidani, wataka nini?" Nilijua jibu litakalokuja, nikajiinamia. Hakusema haya, kaka. Alisema, "Chochote." Tena haraka, kama mtu aliyezoea kuulizwa na asisikilizwe. Mwalimu akamwuliza mara tatu, kwa njia tatu. Chochote. Chochote. Chochote.

Sasa yangu. Ile barua ya mwaka themanini na saba haikuwa uongo, na haikuwa kweli. Mwidani alisema. Tulikaa uani, mimi na kalamu, naye akasema kwa kinywa chake, na Mwalimu Nyamvula alikuwepo, akaniambia, "Bi Mwanatabu, andika kama anavyosema, usiongeze kitu." Nikamwitikia. Mwalimu alipokwenda zake nikayatazama yale maneno nikaona haya. Mdogo anamwandikia kaka yake bila salamu? Bila kumwita hata kaka? Watu wangesema sisi hatukufunzwa. Unajua kwetu, mtu akikuomba umwandikie waraka, humwandikii tu, unamvisha. Bi Dhahabu jirani nimemwandikia barua zake zote kwa mumewe aliyeko baharini, na hakuna hata moja aliyoisema yeye, na zote amezipenda. Nikamvisha Mwidani vivyo hivyo. Nilidhani nampa heshima. Nilimfunika mpaka hukumwona uso.

Maneno yake ninayo. Niliyaandika kwanza nyuma ya karatasi ya kiolezo cha gauni, nayo nimeihifadhi. Haya hapa, sijaongeza:

"Rashid. Kisauni sendi. Sitaki. Nalala kwa mama. Garama aje asubuhi. Garama ananijua. Wewe hunijui."

Hilo la mwisho ndilo lililonishinda. Nilikuonea huruma, kaka. Nikakuhurumia wewe nikamwuza yeye.

Na nimalize, maana nikiacha leo sitasema tena. Nilikuandikia kuwa sijachoka naye. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka kufua shuka zake, kumtafuta akichelewa, kusikia watu wakinihurumia mlangoni kwangu. Ulipokasirika ukasema Aqil aje, nililia, kweli nililia, lakini usiku ule alipokwenda nililala usingizi wa miaka mitano. Ningeweza kukuandikia tena. Ningeweza kumfunga Aqil mlango. Asubuhi ile Mwidani aliukunja mkeka, akauegemeza ukutani, akaketi sakafuni. Nilikwambia maana yake katika barua yangu ya kwanza, na mimi ndiye niliyekuwa pale, na mimi ndiye niliyenyamaza. Aqil alimshika mkono akasema, "Twende," naye akasema, "Haya."

Makao wanasema hawamtoi ila kwa saini ya anayelipa. Ni wewe. Sikuombi kwa unyenyekevu na taadhima. Nasema, tia saini.

Mwanatabu


Abu Dhabi,
11 Machi 1990

Mwanatabu,

Saini iko ndani ya bahasha hii. Niliitia siku ileile kabla sijamaliza kusoma, kisha nikarudi kusoma.

Ningeyapata maneno yale mwaka ule, ningekasirika. Ningesema mtoto amekosa adabu. Lakini ningejua ni yeye, na nilikuwa nimeapa. Nadhani ningemwacha. Nasema nadhani kwa sababu mimi pia nina la kukuambia, na baada ya kulisikia huenda usinidhanie wema hata huo.

Mwezi wake wa kwanza pale Kisauni, makao waliniandikia. Walisema Mwidani hali, analala sakafuni ilhali kitanda kipo, na kila asubuhi kabla ya alfajiri huvaa shati akasimama langoni. Wakaniuliza kama kuna mtu aliyekuwa akimchukua asubuhi, kwa sababu alikuwa akitaja jina. Jina walilikosea kidogo lakini nililijua. Nikawajibu kuwa hakuna mtu kama huyo, wamzuie mpaka azoee. Wewe sikukwambia. Mwaka uliofuata wakaandika kuwa amezoea, nami nikakuandikia wewe hiyo nusu.

Habari ya mkeka uliniandikia. Niliisoma nikaipita, kama mtu anavyopita maelezo ya jambo lisilomhusu.

Miaka kumi na minne nimekaa huku nikijiambia nawatunza. Nilikuwa nikituma fedha, na kila nilipotuma niliona nimeshamjua mtu. Najuta, dada yangu, na sina hata wa kumwambia hapa isipokuwa wewe, ambaye nilikuita mwongo.

Nimeomba kuacha kazi. Ile nyumba niliyoanza kujenga Changamwe, upande wa kuelekea Kipevu, itakwisha Juni. Ina vyumba vinne. Kimoja kitakuwa cha Mwidani, chenye feni na kitanda kizuri. Atakaa na mimi mpaka mmoja wetu afe. Nitamwogesha mwenyewe, nitakula naye. Nataka kumlipa miaka yake. Mwambie hivyo, mwambie kaka yake anakuja kumchukua.

Rashid


Mtongwe,
27 Mei 1990

Kaka Rashid, shikamoo.

Amerudi. Leo ni wiki ya saba. Nilitaka kungoja nione kabla sijakuandikia.

Wiki ya kwanza aliniomba ruhusa kwa kila kitu, mpaka kukaa. Asubuhi alivaa akenda bombani, akasimama. Garama hayupo. Aliondoka mwaka wa themanini na tisa, amerudi kwao Kaloleni, ana mke na shamba. Nilimtumia salamu kwa mtu wa kwao aitwaye Katana. Jibu lililokuja ni kuwa anamsalimu Mwidani sana na hawezi kurudi, na kwamba siku ile alingoja aitwe nyumbani tumwulize, hakuna aliyemwita. Hilo sikulijua. Halikunipitia hata kichwani kuwa naye alikuwa wa kuulizwa. Mwidani nilimweleza. Alikwenda bombani siku nne zaidi, kisha akaacha.

Tukaenda kwa Mwalimu Jumamosi. Mwalimu alimletea watu watatu waliokuwa tayari kumsaidia. Nilikuwa na wangu kati yao, kijana msafi, mpole, hafidhi wa Kurani. Mwidani alikaa na kila mmoja siku mbili. Kwa kijana wangu aliukunja mkeka. Amemchagua Baya, aliyekuwa mlinzi wa bohari huko Changamwe, mzee mwenye ugoro na mkoromo wa kutikisa bati. Mimi nisingemchagua hata anilinde kuku. Lakini Baya hasemi twende, husimama tu mlangoni akangoja. Mara ya kwanza alingoja mpaka saa nne, Mwidani akatoka. Sasa wanapeleka maji nyumba sita. Bi Sheikha amerudishiwa mitungi yake miwili.

Hiyo ada ya makao tuma kwa jina la Mwidani. Jumamosi humpa Baya mwenyewe, mkononi, mbele ya Mwalimu. Mara ya pili alimpunguzia kwa sababu Baya alichelewa. Baya alikasirika. Mimi nilikwenda jikoni nikacheka mpaka nikalia, au nililia kwanza, sikumbuki.

"Chochote" bado anasema. Si kwa kila jambo tena.

Nilimweleza habari ya nyumba ya Changamwe. Nilimweleza feni na kitanda, nikamweleza kuwa unajuta, kuwa unampenda, kuwa unataka kukaa naye mpaka kufa. Nilijitahidi kukusemea vizuri, kaka, kwa sababu nilitaka akubali. Hakunijibu siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Andika." Nimeandika alivyosema, na Mwalimu Nyamvula amesoma na kumsomea, na amesema ndiyo. Sikumwongezea salamu. Iliniuma kutomwongezea.

Mwanatabu


Rashid.

Nyumba yako sitaki. Nalala Mtongwe.

Kisauni nilikungoja. Nilisimama langoni. Garama hakuja. Wewe hukuja. Walisema kaka kasema nikae.

Baya ni wangu. Usimfukuze.

Ukija usiseme twende. Usinishike mkono. Kaa nje. Nikitaka nitakuita. Nisipotaka sikuiti.

Usilie. Mwanatabu alilia. Sipendi.

Mwidani


Abu Dhabi,
14 Juni 1990

Mwidani.

Nimesoma barua yako. Najua ni yako.

Sitakuchukua. Nyumba ya Changamwe nitaipangisha.

Nafika tarehe mbili Julai. Nitalala kwa Aqil. Jumatano nitakuja Mtongwe, nitakaa nje ya mlango wako. Usiponiita nitaondoka jioni, nitakuja Jumatano nyingine.

Langoni nilijua unangoja. Waliniambia. Sikuja.

Rashid